Je, umri wa barafu ya Kilimanjaro ulipimwa kwa kaboni 14?

Swali

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja wilayani Rombo. Nimewafundisha wanafunzi kwamba barafu ya Kilimanjaro ina umri wa miaka 11,700 na kwamba Ziwa Victoria liliwahi kukauka. Binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza: nani alikuwepo akahesabu? Nikamjibu kwamba wanasayansi hupima kwa kaboni 14. Akarudi tena: barafu ni maji, hiyo kaboni inatoka wapi? Hapo nilikwama. Naomba ufafanuzi, na ikiwezekana zoezi la kufanya darasani. Ziwa Chala liko karibu nasi. Labda tungechota tope la ukingoni?

Jibu

Ndugu Mwalimu, mpongeze binti huyo. Ameweka kidole palepale ambapo wataalamu wa barafu wenyewe wanavutana. Ile 11,700 haikupatikana kwa kaboni 14, na sababu kubwa ni hiyohiyo aliyoitaja: barafu ni maji.

Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alipanda na kikosi chake hadi kileleni wakiwa na mashine za kutobolea, wakatoa nguzo sita za barafu. Iliyo ndefu kuliko zote ilikuwa na urefu wa mita 50 hivi, kutoka juu hadi kwenye mwamba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Ili kupata umri wa sehemu ya juu walitafuta klorini yenye mionzi, ile iliyorushwa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Marekani katika Bahari ya Pasifiki mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ilipoonekana ndani ya barafu, wakajua tabaka lile ni la wakati huo. Huko chini hakukuwa na alama ya namna hiyo. Wakapima uwiano wa oksijeni nzito na oksijeni nyepesi katika nguzo nzima, uwiano ambao hubadilika hali ya hewa ikibadilika, wakauchora, kisha wakauweka mchoro huo kando ya mchoro mwingine wa oksijeni, uliotoka kwenye mawe yaning'iniayo ya Pango la Soreq karibu na Jerusalem. Umri wa mawe yale unajulikana vizuri kwa kipimo cha urani na thori, madini yenye mionzi ambayo la kwanza hugeuka kuwa la pili kwa kasi inayojulikana. Vilele na mabonde ya michoro miwili vikalandanishwa, na chini kabisa pakasomeka miaka 11,700.

Ugumu uko hapo kwenye kulandanisha. Ukishachukua mchoro wa Kilimanjaro na kuunyoosha au kuubana mpaka ufanane na wa Soreq, huwezi tena kusema ukame ulipiga sehemu zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu huo wakati mmoja umeuweka wewe mwenyewe. Mwaka 2010 Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, na wenzake walileta hoja nyingine: kwa jinsi barafu ya kileleni inavyopungua, haihitaji maelfu ya miaka kutoweka. Karne chache za ukame zinatosha. Basi inawezekana kabisa kwamba katika miaka 11,700 barafu ilikuja ikaondoka, ikaja tena, na hii tunayoiona ni changa kuliko tulivyodhani. Mimi naona hoja hiyo ina uzito. Haiifuti kazi ya Thompson, maana vitu alivyovikuta vipo kweli, likiwemo tabaka la vumbi la unene wa sentimita 3 hivi linaloonekana kwa macho, ambalo kikosi chake kilisema ni la ukame wa takriban miaka 4,000 iliyopita. Kinachobishaniwa ni saa iliyotumika kusomea tabaka hizo.

Kwa nini basi hawakutumia tu kaboni 14? Tuitazame kaboni yenyewe.

Mionzi kutoka anga za mbali hugonga tabaka za juu za hewa yetu, na katika mgongano huo baadhi ya atomu za naitrojeni hugeuka kuwa kaboni 14. Kaboni hiyo huungana na oksijeni, huchanganyika na hewa, mimea huivuta, wanyama hula mimea. Ni kidogo sana, kama atomu moja katika kila trilioni moja ya atomu za kaboni. Kiumbe akiwa hai huendelea kujaza akiba yake. Akifa, kujaza kunakoma na kilichobaki kinapungua: baada ya miaka 5,730 imebaki nusu, baada ya 5,730 mingine imebaki robo, na kuendelea. Willard Libby na wenzake huko Chicago walionyesha mwaka 1949 kwamba kwa kuhesabu kilichobaki unaweza kujua kiumbe kilikufa lini, na kazi hiyo ikampa Libby Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960.

Kwa hiyo kaboni 14 inajibu swali moja tu: kitu hiki kilikoma kuvuta hewa au kula lini? Haipimi mvua wala joto, na haipimi maji yaliyoganda. Ukitaka kuitumia kwenye barafu lazima ndani yake uokote kitu kilichowahi kuishi: jani, mdudu, au chembe za masizi ya moto zilizopeperushwa na upepo. Juu karibu na mita 5,895 majani ni adimu. Siku hizi kuna maabara, hasa ile ya Paul Scherrer kule Uswisi, zinazoyeyusha vipande vya barafu na kukusanya chembe za kaboni zenye uzito wa sehemu chache tu za gramu moja iliyogawanywa mara milioni, na kuzipima. Kazi hiyo ni ngumu mno, kwa sababu kiasi kikiwa kidogo hivyo uchafu kidogo tu unaharibu kila kitu. Kitu kilichokufa zamani sana kisicho na kaboni 14 hata kidogo, kikichanganyika na asilimia 1 tu ya kaboni ya leo, kitaonekana kuwa na umri wa miaka 37,000 hivi. Mzizi mwembamba uliopenya kutoka juu unatosha kufanya hivyo. Ndiyo maana pia tunasema mwisho wa uwezo wa kaboni 14 ni karibu miaka 50,000. Baada ya hapo kilichobaki ni chini ya sehemu moja kati ya 400 za kilichokuwepo mwanzo, na huwezi kukitofautisha na uchafu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka, nalo husababisha mkanganyiko mkubwa. "Miaka ya kaboni" si sawa na miaka ya kalenda. Kiasi cha kaboni 14 hewani kimekuwa kikipanda na kushuka, kwa hiyo maabara inapotoa tarehe ni lazima isahihishwe kwa jedwali lililojengwa kutokana na pete za miti, ambazo huhesabiwa moja baada ya nyingine, pamoja na kumbukumbu nyingine kama matumbawe na mawe ya mapangoni. Toleo la sasa ni la mwaka 2020. Tena "iliyopita" katika lugha ya maabara hizi huhesabiwa kurudi nyuma kutoka mwaka 1950, maana baada ya hapo mabomu yalivuruga hewa, na kufikia mwaka 1963 kaboni 14 katika kizio cha kaskazini ilikuwa karibu mara mbili ya kawaida. Ukisoma mahali pamoja kwamba Ziwa Victoria lilijaa tena miaka 12,400 iliyopita na mahali pengine kwamba ni 14,500, mara nyingi hakuna aliyekosea. Ya kwanza ni miaka ya kaboni, ya pili ni ya kalenda.

Sasa tushuke mlimani tuje kwenu Chala. Hapa ndipo napenda zaidi, kwa sababu ziwa lile dogo lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya lina saa bora kuliko barafu iliyo juu yake. Ni ziwa la kreta lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 4 na kina cha zaidi ya mita 90. Hakuna mto wa kudumu unaoingia. Maji yake mengi hupita chini ya ardhi, yakitokana na mvua ya msitu wa Kilimanjaro. Huko chini hakuna oksijeni, hivyo hakuna minyoo ya kuchimbua tope, na kila kinachotua kinabaki kilipotua. Wakati wa kiangazi cha baridi, kuanzia Juni, upepo hukoroga maji, virutubisho hupanda, na mwani wenye magamba ya silika uitwao dayatomu hustawi. Magamba yao hutua na kuacha utando mweupe. Miezi ya mvua na joto huacha utando mweusi. Weupe na weusi kwa pamoja ni mwaka mmoja, kwa unene wa kama milimita moja.

Watafiti wakiongozwa na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walitoa nguzo ya tope ya mita 22 hivi inayofunika miaka 25,000. Humo zilipimwa tarehe 168 za kaboni 14. Idadi hiyo ni kubwa kupita kawaida. Maziwa mengi ya Afrika yana tarehe kumi au kumi na tano tu. Kwa tope la juu walitumia risasi 210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi na hivyo hufaa kwa karne moja na nusu ya mwisho. Walikuwa na njia zaidi ya moja ya kujikagua, na hilo ndilo linalonifanya niamini tarehe za Chala kuliko za kileleni.

Kujikagua huko kulikuwa kwa lazima, kwa sababu maziwa yana hila yao. Mwani hauvuti kaboni ya hewani moja kwa moja. Huchukua iliyoyeyuka majini, na maji yanaweza kuwa na kaboni ya zamani, iliyotoka kwenye miamba ya chokaa, kwenye gesi ya volkano, au kwenye maji ya vilindini yaliyokaa karne nyingi bila kugusana na hewa. Fikiria Ziwa Kivu, ambalo vilindi vyake vimejaa kaboni dioksidi ya volkano isiyo na kaboni 14 kabisa. Mwani unaoota leo katika maji ya namna hiyo huzaliwa ukiwa tayari unasomeka mzee. Pale Chala watafiti waliokota makaa ya nyasi zilizoungua nchi kavu, ambazo zilivuta hewa safi, wakalinganisha umri wake na umri wa tope lililokuwa pamoja nayo. Tope lilisomeka kuwa zee zaidi, kwa kiasi kinachobadilika kadiri ya nyakati na kinachofika miaka 450 hivi wakati wa zama za barafu. Wakalipunguza. Bila makaa yale kila tukio lingesogezwa nyuma karne kadhaa, na hakuna ambaye angetambua.

Ukishakuwa na saa ya kuaminika, ndipo hali ya hewa inaanza kusomeka. Unene wa ule utando mweupe unaonyesha ukali wa upepo na kiangazi mwaka hadi mwaka: miaka ya El Niño, yenye mvua nyingi kwetu, huacha utando mwembamba. Nta ya majani iliyohifadhiwa kwenye tope ina hidrojeni inayoonyesha aina ya mvua iliyonywesha mimea. Mawimbi ya sauti yaliyotumwa chini ya ziwa yalionyesha mahali tope lilipokaa wakati maji yalipokuwa yameshuka. Kutokana na hayo tunajua kwamba mvua za eneo lenu zimekuwa zikipanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka 11,500, kufuatana na jinsi mhimili wa dunia unavyoyumba na kubadilisha majira ambamo jua huwa kali zaidi. Mwaka 2016 walirudi na mtambo mkubwa wakachimba zaidi ya mita 200, kumbukumbu ya karibu miaka 250,000. Sehemu kubwa ya tope hilo imevuka mpaka wa kaboni 14, na huko hutegemewa saa nyingine, kwa mfano majivu ya volkano ambayo umri wake hupimwa kwa gesi ya argoni iliyonaswa ndani yake.

Kuhusu Ziwa Victoria uliwafundisha sawa. Ni ziwa pana lakini si la kina, mita 80 hivi pale penye kina zaidi, na maji yake mengi ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mvua ikipungua kwa muda mrefu halina mto mkubwa wa kuliokoa. Kikosi cha mtafiti Thomas Johnson kilichapisha mwaka 1996 ushahidi wa mawimbi ya sauti na nguzo za tope: chini ya tope laini la ziwa, hata kwenye sehemu zenye kina kirefu, kuna tabaka gumu la udongo wa nchi kavu. Mimea iliota mahali ambapo leo meli zinapita. Kaboni 14 ya tope la kwanza lililotua juu ya udongo ule ndiyo iliyotoa ile tarehe ya miaka 14,500. Watu wa Kanda ya Ziwa watalielewa hili kwa furu: aina zaidi ya 500 za samaki hao zilitengana ndani ya ziwa ambalo ni changa hivyo. Wengi hawakuamini, na ndipo wanajenetiki walipochunguza na kukuta kwamba mababu wa furu walikuwa mchanganyiko wa koo za mito ya pande mbalimbali, walioingia ziwani na utofauti wao tayari. Tarehe ya tope iliwalazimisha wanabiolojia watafute jibu jipya.

Usije ukawaambia wanafunzi kwamba barafu nyingi maana yake mvua nyingi. Kule Rwenzori, Uganda, mtafiti Daniel Livingstone alipima mwaka 1962 tope la chini kabisa la Ziwa Mahoma, lililo nyuma ya tuta la mawe lililosukumwa na barafu, akapata miaka 14,750 ya kaboni, yaani karibu 18,000 ya kalenda. Tuta haliwezi kuwa changa kuliko tope lililokaa nyuma yake, kwa hiyo hiyo ni tarehe ya chini kabisa inayowezekana. Miaka ya karibuni mawe ya matuta hayo yenyewe yamepimwa kwa berili 10, aina ya atomu yenye mionzi ambayo hujilimbikiza katika jiwe tangu siku barafu ilipoliacha likipigwa na mionzi ya anga, na mengi yana zaidi ya miaka 20,000. Wakati huo barafu ya Rwenzori ilishuka hadi chini ya mita 3,000 ilhali maziwa ya ukanda huu yalikuwa yakipungua. Ilikuwa baridi na ukame pamoja. Barafu ikisomwa peke yake ingetudanganya, na ziwa peke yake lingetunyima habari ya baridi.

Na kwa karne za karibuni kuna Naivasha, Kenya. Tope la kreta ya Crescent Island, likisomwa kwa dayatomu na mabaki ya mabuu ya wadudu wa majini wanaobadilika chumvi ya maji ikibadilika, linaonyesha kipindi kikavu kati ya takriban mwaka 1000 na 1270, kisha nyakati za maji mengi zilizokatizwa na ukame wa 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620 na 1760 hadi 1840. Vipindi hivyo vya ukame vinakaribiana na nyakati za njaa na kuhama zinazosimuliwa katika mapokeo ya jamii za Maziwa Makuu. Kwa mwanafunzi anayeuliza nani alikuwepo, hilo ndilo jibu ningempa kwanza: kwa sehemu hii ya historia, mababu walikuwepo, nao walisimulia.

Kwenye ubao badala ya "barafu ina miaka 11,700" andika kwamba barafu ya chini kabisa ilikadiriwa mwaka 2002 kuwa na hadi miaka 11,700, na kwamba makadirio hayo yanabishaniwa. Kupungua kwake hakubishaniwi: kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, chini ya 2 mwaka 2011. Barafu inayoyeyuka juu huondoka na tabaka zake za karibuni kwanza, kwa hiyo kila mwaka unaopita hufuta sehemu ile ambayo ingekuwa rahisi kuhakikiwa kwa vipimo vya kisasa.

Tope la ukingoni Chala naomba msilifuate. Kuta za kreta ni mwinuko wa hatari kwa watoto, na tope lenyewe halifai: limechanganywa na mawimbi, mizizi na maporomoko, na maji yakishuka hukauka na kupasuka. Wape zoezi hili la kalamu na karatasi. Kipande cha makaa ya nyasi kimekutwa na robo ya kaboni 14 yake ya mwanzo. Wahesabu umri wake kwa ile nusu ya kila miaka 5,730, kabla ya kusahihisha kwa jedwali, watapata 11,460. Kisha waambie tope la kina hichohicho limesomeka 11,800. Wajadili ni tarehe ipi waichukue, ile tofauti ya miaka 340 imetoka wapi, na kama wangekuwa na tope tu bila makaa, wangejuaje kwamba kuna kosa. Mwisho waulize kama inafaa kutumia hiyo 340 kusahihisha tope la mita kumi chini zaidi. Haifai, na binti wa kidato cha tatu nadhani atakuwa wa kwanza kueleza kwa nini.